Kazi ya Nyumbani ya Dokta Asubonteng

Dokta Yaw Asubonteng hakuwa na desturi ya kumaliza sentensi zake. Si kwa usahaulifu; ndivyo alivyofundisha. Alisema, "Kiungo kinachochuja damu tunakiita...?" akainua kidevu, akangoja, na darasa zima likamalizia, "Figo." "Tunakiita...?" "Figo." Hapo ndipo alipoendelea. Kwa miaka ishirini na saba alifundisha baiolojia ya mwaka wa pili kwa mtindo huo katika chuo kimoja pale Sunyani, na ukipiga hesabu utaona kwamba nusu ya mihadhara yake ilisemwa na wanafunzi. Mshahara aliuchukua yeye peke yake, lakini hayo tuyaache.

Wala hakuingia darasani hivi hivi. Alisimama mlangoni akapaza sauti, "Agoo," kama mgeni anayebisha hodi kwa watu, wakaitika "Amee" wote themanini na wanne, ndipo akaingia na chaki zake. Wakiitika kwa uvivu, alirudi nje akaanza upya.

Basi mwaka huo idara ikaamua kwamba kazi ya nyumbani itakuwa video. Mwanafunzi atatazama somo kwenye simu yake mwisho wa juma, atajibu maswali matano, na Jumatatu darasani watu watafanya kazi kwa mikono yao badala ya kukaa wakinakili. Mwenye wazo hilo alikuwa mkuu wa idara, Profesa Frimpomaa, ambaye zamani alikaa safu ya mbele katika darasa la Dokta Asubonteng na kumalizia sentensi kwa sauti kubwa kuliko wenzake wote. Kwa hiyo Dokta alikubali, ila alikubali jinsi mtu anavyokubali kung'olewa jino.

Wiki mbili za kwanza walitumia video za bure za mtandaoni, za kijana mmoja wa ng'ambo mwenye fulana ya kijani, aliyezungumza kana kwamba nyumba inaungua nyuma yake. Video nzuri, tuseme kweli. Tatizo lilikuja Jumatatu. Dokta akianza kueleza jambo, Bediako wa safu ya tatu, kijana mrefu mwenye adabu ya kuudhi, ananyoosha mkono.

"Dokta, samahani. Yule kaka wa kwenye video hakusema hivyo."

"Alisemaje?"

"Alisema ni rahisi."

Wiki ya pili ikawa ni yule kaka asubuhi, yule kaka mchana. Dokta alimchukia kijana huyo kwa dhati, mtu asiyewahi hata kukutana naye. Akaenda ofisini kwa Profesa kumwambia kwamba atatengeneza video zake mwenyewe.

Profesa alimtazama kwa heshima yote ya mwanafunzi wa zamani. "Mwalimu wangu, utaweza kweli?"

"Mimi nimekufundisha wewe hadi leo umekuwa...?"

"Profesa," akamalizia mama wa watu bila kujizuia, kisha akakunja uso kwa kuwa alijua ametegwa.

Wakaelewana. Mfumo wa chuo uliandika kila kitu: nani ametazama, ameishia wapi, wapi amerudisha nyuma. Dokta akapewa nafasi ya video tano. Ya tano ndiyo itakayoamua: theluthi mbili ya darasa, yaani watu hamsini na sita, wakiitazama hadi mwisho, somo ni lake. Wasipofika idadi hiyo, watarudi kwa kijana wa fulana ya kijani, na darasa litashikwa na Dokta Selorm, mhadhiri mpya mwenye simu tatu na asiye na mvi hata moja. Dokta Asubonteng angemalizia miaka yake miwili iliyobaki akitunza funguo za maabara. Jambo hilo lilimtia hofu ya kweli. Nje ya darasa hakujua yeye ni nani.

Video ya kwanza aliirekodi Ijumaa mchana sebuleni kwake, simu ikiwa imeegemezwa kwenye kopo la maziwa ya unga. Alivaa tai. Akasema "Agoo," akangoja. Simu haikuitika. Akasema tena, akangoja tena. Mtu mwingine angeendelea tu, lakini ulimi wake haukujua njia nyingine ya kupita. Somo lilihusu damu na mishipa yake, lilichukua dakika kumi na mbili, na nne kati ya hizo zilikuwa za Dokta ameinua kidevu, akiitazama kamera bila kusema neno.

Jumatatu mfumo ukatoa ripoti. Waliofika mwisho walikuwa kumi na mmoja.

"Mtandao ulikuwa mbaya sana, Dokta," alieleza Bediako. "Ulikuwa unakwama kila mara."

"Unakwama wapi?"

"Unafika mahali wewe unasema 'mshipa huu tunauita', halafu picha inaganda. Nimezima simu nikawasha mara saba. Bando langu lote limeishia kwenye mshipa mmoja, na mpaka sasa sijui unaitwaje."

"Hata kwangu uliganda hapo hapo," alisema msichana wa nyuma. "Nikapanda hadi ghorofa ya tatu ya bweni, nikanyoosha simu dirishani. Bado Dokta amekodoa macho tu."

Dokta hakuwaambia kwamba mtandao ulikuwa mzima wa afya. Alikohoa, akafuta ubao uliokuwa tayari safi.

Sasa nyumba ya Dokta ilijengwa hivi: chumba cha kushonea cha mkewe kilitazamana na sebule, na mlango wake haukufungwa mchana. Afua Dansoaa alikuwa fundi cherehani, na hakuna fundi wa Sunyani anayepumzika Ijumaa, maana Jumamosi ni mazishi na kila ukoo unataka nguo zake nyeusi na nyekundu zifanane. Ijumaa iliyofuata alikuwa na nguo arobaini za ukoo mmoja, zote zikingoja mapindo. Mumewe akaegemeza simu na kuanza video ya pili, ya utando wa seli.

"Agoo," alisema Dokta.

Kimya.

"Agoo."

"Amee," aliitika Afua kutoka chumbani, kwa sauti ya mtu aliyechoka kumsikia mumewe akibisha hodi katika nyumba yake mwenyewe.

Dokta akapata uhai. Mabega yakashuka, mikono ikaanza kutembea. "Kila seli imezungukwa na utando," akasema. "Utando huu unaruhusu vitu fulani vipite, na vingine unavizuia. Kwa hiyo unafanya kazi kama...?" Akainua kidevu. Alikusudia mlinzi wa getini.

"Kama mama yako siku ya harusi yetu," alisema Afua.

"Afua."

"Si umeuliza? Alisimama mlangoni. Aliyekuja na chupa ya kinywaji akapita. Dada zangu wakabaki uani na sahani zao."

Dokta alitaka kuzima simu. Lakini mwalimu akishaonyeshwa mfano mzuri hawezi kuuacha ukapita hivi hivi. "Vitu vidogo kabisa," akasema, "hupenya vyenyewe."

"Ndiyo. Watoto walipenya kati ya miguu yake."

"Na vikubwa havipiti mpaka vipate kitu cha...?"

"Kuvishika mkono. Mjomba Oppong alipitishwa na mchungaji."

"Hicho kinaitwa kibebaji," alisema Dokta, na bila mwenyewe kujua alikuwa anacheka.

Kukata video hakujua, na mwisho wa kuipandisha mtandaoni ulikuwa saa kumi na mbili jioni. Akaipandisha ilivyo, akijipa moyo kwamba sauti ya Afua ilikuwa mbali na pengine haikusikika. Jumatatu ripoti ikasema sitini na sita wamefika mwisho. Ya tatu, ya figo, ambayo Afua aliiingilia tangu dakika ya kwanza, ikafika sabini na wanne.

Dokta akavimba kichwa. Alitembea koridoni mikono nyuma kama mkaguzi. Alimweleza Profesa kwamba siri yote iko katika ufafanuzi. Jioni mezani alimwambia na mkewe, "Siku hizi wananielewa sana."

Afua alimega kiazi kikuu, akakichovya kwenye mchuzi wa kontomire, majani ya magimbi. "Ndiyo, Baba Adwoa," akasema. "Unaeleweka."

Ukweli ulimfikia kwa njia ya karatasi za mtihani mdogo. Aliketi kuzisahihisha, akakuta wanafunzi thelathini na mmoja wameandika kwamba utando wa seli hufanya kazi kama mama yake Dokta mlangoni. Mmoja alichora kabisa: bibi mwenye kilemba, mikono kiunoni, amesimama katikati ya utando, na mshale umeandikwa "mchungaji (kibebaji)". Alitafuta kosa ili akate alama, akakosa. Majibu yote yalikuwa sahihi, na yalikuwa bora kuliko ya miaka yote ishirini na saba. Alipotoka nje kupata hewa akakutana na Dokta Selorm.

"Dokta, shikamoo. Mama hajambo? Bado yuko mlangoni?"

Dokta Asubonteng akamwita Bediako. "Niambie kweli. Kwa nini siku hizi mnatazama video zangu?"

Bediako aliikunja mikono nyuma kwa adabu zake zile. "Tunamsubiri Madam, Dokta. Yeye anauliza yale tunayoogopa sisi. Kwenye figo alipokuambia, 'Hapo hata wewe mwenyewe hujaelewa, Baba Adwoa, rudia,' bweni zima lilipiga makofi." Akafikiri kidogo. "Na ukarudia. Tulishangaa."

Dokta alijisikia kama mtu aliyepungia mkono umati unaoshangilia barabarani, kumbe nyuma yake anapita chifu. Ilimuuma. Mtu mzima wa miaka hamsini na minane, na iliuma kama anavyoumia mtoto aliyenyang'anywa zamu yake. Akaenda nyumbani na maumivu hayo, akayamwaga pasipostahili.

"Kuanzia sasa nitarekodi mlango ukiwa umefungwa," alimwambia Afua. "Hili ni somo la chuo kikuu. Si chumba cha kushonea."

Afua alikuwa na pini tatu mdomoni. Alizitoa moja baada ya nyingine, akazichomeka kwenye mto wake. Hakukasirika kwa sauti, na hapo ndipo mume mwenye akili angeogopa.

"Sawa, Dokta," akasema.

Ndani ya nyumba hakuwahi kumwita Dokta. Tangu hapo mlango wa kushonea ulifungwa, na majibu yakafungwa pamoja nao. Dokta alikaa mezani, akatazama bakuli, akasema kama kawaida yake, "Leo tunakula...?" akainua kidevu. Hakuna aliyesema viazi vikuu. Afua aliketi mbele yake akitafuna kwa utulivu. Dakika ikapita. "Viazi vikuu," Dokta akajijibu, na ladha ikawa imepungua. Asubuhi akauliza, "Shati langu jeupe liko...?" na shati likabaki liliko. Kwa wiki nzima alijimalizia sentensi zake zote, akagundua kwamba ni kazi ya kuchosha.

Video ya nne alirekodi peke yake, ametia tai, akiwa na bidii ya kujionyesha. Waliofika mwisho walikuwa kumi na tisa.

"Mwalimu wangu," Profesa Frimpomaa alimwambia taratibu, "kumi na tisa."

"Nimeona."

"Ni mtandao?"

Angeweza kusema ni mtandao. "Hapana," akasema. "Ni mimi."

Alhamisi akaenda kusimama mbele ya mlango wa kushonea, akausukuma kidogo. "Afua, kesho ndiyo video ya mwisho. Wasipoitazama wananinyang'anya darasa. Nakuomba unisaidie. Uwe unanijibu kama zamani."

"Nikujibu nini?"

"Yale yale tu."

Afua hakuinua kichwa. Alikuwa akipima kola. "Dokta, miaka thelathini nakumalizia sentensi. Umewahi hata siku moja kuniuliza kitu usichokijua?"

Dokta alifungua kinywa kumjibu kwamba mara nyingi sana. Akatafuta mfano. Akatafuta tena. Hata lile la leo tunakula nini, harufu ilikuwa imeshamwambia kabla hajavua viatu.

"Nenda kafikirie," alisema Afua. "Ukilipata, njoo."

Akaenda kukaa na daftari lake la somo la tano, lenye kurasa zilizogeuka manjano. Somo lilikuwa jinsi kiinitete kinavyotengeneza ubongo. Alikuwa ameandika miaka ile ya ujana: tabaka bapa la seli hujikunja na kuwa mrija. Kila mwaka alisema, "Hujikunja na kuwa...?" wakamalizia, "Mrija," na gari likaondoka. Sasa, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumalizia, alibaki pale kwenye sentensi, na kwa mara ya kwanza akaitazama. Linajikunja vipi?

Kitabu kilisema seli husinyaa upande mmoja. Maneno hayo aliyajua kwa moyo. Alichukua karatasi akaiviringisha ikawa mrija, lakini aliiviringisha kwa mikono, na tumboni hakuna mikono. Kama seli zinasinyaa, kwa nini tabaka zima lisiwe dogo tu, likabaki bapa vile vile? Alikaa nayo hadi jua likahama dirishani. Akaona aibu, aibu ya kweli, ya mtu aliyekula sadaka ya watu miaka yote bila kusali. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kumuuliza, kwa sababu hakuna aliyewahi kupewa nafasi. Mdomo wao ulikuwa na kazi ya kusema "mrija".

Ijumaa mchana alibeba simu na kopo la maziwa hadi chumba cha kushonea. Hakuvaa tai. Akaweka kopo mezani kati ya vibonge vya uzi, akaegemeza simu ili iwaone wote wawili, akaiwasha. Afua aliendelea kukanyaga cherehani.

"Wanafunzi, leo ni kiinitete," alisema Dokta. "Mwanzoni kuna tabaka bapa la seli. Tabaka hilo hujikunja likawa mrija, na mrija huo ndio unaokuwa ubongo na mishipa ya fahamu ya mgongoni. Nimefundisha hili miaka ishirini na saba."

Akanyamaza. Afua hakuhangaika, alikuwa ameshazoea kunyamaza kwake.

"Jinsi linavyojikunja," akasema Dokta, "sijui. Maneno ninayo, lakini sioni. Afua, kitambaa kimelala mezani. Kinawezaje kujikunja kikawa mrija, na hakuna mkono wa mtu unaokiviringisha? Nifundishe."

Cherehani ikasimama. Afua alimtazama mumewe, akaitazama simu, akamtazama tena mumewe kama anayetafuta mahali pa mtego. Hakuuona. Akavuta kipande cha kitambaa kinene, akatunga sindano, akaanza kupitisha nyuzi kutoka ukingo huu hadi ukingo ule, mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu.

"Unaona ninavyoshona? Sindano haitokei chini. Nashika upande wa juu tu."

"Naona."

"Haya, Baba Adwoa. Shika hizo ncha, vuta."

Dokta akavuta. Kitambaa kikatikisika, kikainua kingo zake mbili polepole, moja huku na moja huku, zikaegemeana katikati. Akaachia, kikalala. Akavuta tena. Uso wake ulikuwa uso wa mtu wa miaka minane.

"Juu panabana," alisema Afua. "Chini hapajabanwa, na hapana pa kwenda. Lazima kiinuke."

"Kwa hiyo si kwamba linapungua."

"Linapungua upande mmoja. Ukibana pande zote unapata kitambaa kidogo, umeharibu mali ya mteja. Ukibana upande mmoja unapata mkono wa gauni." Akachukua ncha za nyuzi, akavuta yeye. "Sasa na mimi nikuulize. Huko tumboni nani anavuta?"

Hilo Dokta alilijua, na alilijibu lote. "Seli zenyewe. Kila seli ina uzi wake kwenye ukingo wa juu, inajivuta kama mfuko wa kamba."

"Kitambaa kinajishona chenyewe."

"Kinajishona."

"Basi afadhali mambo hayo yaishie tumboni. Yakifika mjini sisi mafundi tutalala njaa." Akazikutanisha zile kingo kwa vidole, akazitazama. "Na zisipokutana?"

Dokta alishusha sauti. "Mtoto huzaliwa mgongo ukiwa wazi."

Afua alikaa na kitambaa mkononi. "Kama wa Serwaa," akasema. Serwaa alikuwa mdogo wake. Mtoto wake aliishi siku tatu, na watu walisema mengi, na Dokta alikaa pale msibani kati ya wanaume bila kufungua mdomo. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Na hukutuambia."

"Hamkuniuliza."

"Tungekuulizaje? Kwako maswali hutoka upande mmoja tu."

Hakulisema kwa ukali, na kwa sababu hiyo lilimwingia zaidi. Dokta alisahau simu. Alisema, "Nisamehe. Ilikuwa kazi yangu kuwaambia kwamba si kosa la Serwaa." Afua aliitikia kwa kichwa. Kisha ualimu ukamrudia, akaongeza kwamba kuna kitu kwenye mboga za majani kinachosaidia kingo hizo zikutane, mama akikipata mapema, kabla hata hajajua kwamba ana mimba, na kliniki wanatoa vidonge vyake.

"Mboga kama kontomire?"

"Kama kontomire."

"Basi waambie hao wasichana vizuri. Usiwaachie maneno hewani."

Dokta akaigeukia simu, akawaambia, kila sentensi na mwisho wake.

Jumatatu Profesa Frimpomaa alimwita ofisini na kumwekea karatasi mezani. Themanini na watatu walikuwa wamefika mwisho. Aliyebaki alikuwa Bediako, ambaye bando lilimwishia akiwa anarudia kipande kimoja kwa mara ya nne, kabla hajafika mwisho.

"Somo ni lako, Mwalimu wangu," alisema Profesa. "Lakini tazama hapa. Huu mstari unaonyesha mahali wanafunzi waliporudisha nyuma. Ukipanda juu, maana yake wengi wamerudia hapo. Unadhani umepanda wapi?"

"Kwenye kitambaa."

"Hapana."

"Kwenye mafundi kulala njaa?"

"Dakika ya pili. Pale unaposema hujui. Kila mmoja amerudia walau mara tatu." Akaikunja karatasi, akampa. "Mimi nimerudia tano."

Dokta aliichukua karatasi hadi nyumbani. Afua alikuwa akikata kitambaa cha mazishi ya wiki nyingine, chaki sikioni. Akamkunjulia karatasi juu ya meza, akamwonyesha mstari ulivyopanda kama mlingoti, na akamwambia ni sentensi gani iliyokuwa hapo.

"Kwa nini hapo?" akamuuliza, na safari hii pia hakuwa na jibu.

"Walidhani masikio yamewadanganya," alisema Afua. "Hata mimi nilikuwa nimekaa pale pale karibu yako, na nilitamani nikuombe urudie."

"Mbona hukuniomba?"

Afua alirudisha mkasi kwenye kitambaa. "Niliogopa utajisahihisha."